Nyuma ya Mlango wa Mteja: Utangulizi wa Mafunzo na Masharti katika Huduma za Majumbani

Hospitalini kosa la muuguzi lina macho mengi ya kuliona. Yupo mwenzake wa zamu, yupo daktari anayepita, yupo hata ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Mhudumu wa nyumbani hana macho hayo. Anapofungua mlango wa mteja asubuhi, awe ni mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi au bibi aliyeanza kusahau majina ya wanawe, wanabaki wawili tu, na kazi yote ya siku hiyo itafanyika bila mtu wa tatu. Atamwogesha, atamvika, atampikia, atamhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Kampuni iliyomtuma iko mbali, na itajua tu kile alichoandika, alichoripoti kwa simu, au kile ambacho mteja amekilalamikia.

Taaluma ninayokukaribisha imezaliwa na hali hiyo. Kwa juu juu ni habari ya vyeti na mafaili: nani amesoma saa ngapi, kadi ya nani imekwisha muda, mkaguzi akija atadai karatasi gani. Ukiingia ndani unakuta swali zito zaidi. Mtu anayefanya kazi peke yake, kwenye mwili wa mtu dhaifu, utamfundishaje, na utajuaje kwamba alichofundishwa ndicho anachokifanya? Mafunzo yanajibu sehemu ya swali hilo na masharti yanajibu sehemu nyingine. Katika kampuni nyingi sehemu hizo mbili zimetenganishwa: mafunzo yako kwa mwalimu, masharti yako kwa karani wa mafaili, na hao wawili hukutana siku ya ukaguzi tu. Hoja yangu katika kurasa hizi ni kwamba zikitenganishwa hivyo, hakuna hata moja inayobaki na maana.

Nitazungumzia zaidi Marekani, kwa sababu huko kanuni za kazi hii zimeandikwa kwa kina na kubishaniwa kwa muda mrefu, na kwa sababu huko wasemaji wa Kiswahili wengi wameifanya kuwa riziki yao. Ukikaa na Wakenya wa Massachusetts au Minnesota, na Watanzania wa Texas, na Wakongo waliopewa makazi Kentucky au Iowa, hutachelewa kumkuta mwenye kazi hii. Wengine wameifanya kwa miaka, kisha wakafungua kampuni zao, na ghafla wakajikuta upande wa pili wa meza: wao ndio wanaoajiri, wanaofundisha na wanaokaguliwa. Hao wanastahili kuisoma taaluma yao kwa lugha wanayofikiria nayo.

Tuanze na namna kitanda cha mgonjwa kilivyohamia sebuleni. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, na tangu mwanzo ililipia kwa kiasi huduma za kitabibu zinazotolewa nyumbani. Lakini mtu aliyehitaji msaada wa kila siku kwa miaka mingi, wa kuoga, kula na kwenda chooni, alitegemea Medicaid, mpango wa watu wa kipato kidogo, na Medicaid ilielekeza fedha zake zaidi kwenye nyumba za kutunzia wazee. Mwaka 1981 Bunge la Marekani liliyaruhusu majimbo kuomba kibali cha kutumia fedha hizo kuwahudumia watu majumbani. Mwaka 1999, katika kesi ya Olmstead, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumfungia mtu mwenye ulemavu katika taasisi bila sababu ya msingi, ilhali angeweza kuhudumiwa katika jamii, ni ubaguzi. Kufikia mwaka 2013 zaidi ya nusu ya fedha za Medicaid za huduma za muda mrefu zilikuwa zikienda kwenye huduma za nyumbani na za jamii.

Ulikuwa ushindi wa kweli wa watu wenye ulemavu na wazee, na yeyote anayeingia katika taaluma hii asiusahau. Masharti yasiyokumbuka kwamba mteja yuko kwake, kwamba sebule ni yake na jokofu ni lake, yanaigeuza nyumba kuwa wodi. Hata hivyo ushindi huo ulikuja na upungufu wake. Nyumba ya wazee ina korido, ina nesi wa zamu na ina milango inayobaki wazi. Kazi ilipohamia nyumbani, usimamizi haukuhama nayo kwa kasi ileile.

Kanuni za mafunzo zina mizizi katika sheria ya bajeti ya mwaka 1987, iliyopitishwa baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu hali ya nyumba za wazee. Kwa kampuni inayotaka kulipwa na Medicare, kanuni ya leo inasema mhudumu wa afya wa nyumbani apate mafunzo yasiyopungua saa 75. Kati ya hizo, saa 16 za darasani zitangulie, ndipo zifuate saa 16 za vitendo akiwa chini ya uangalizi. Baada ya hapo apate mafunzo ya kazini saa 12 kila miezi 12. Akikaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi hiyo kwa malipo, mafunzo yake ya mwanzo yanahesabika kuwa yamepotea, na lazima aanze tena au apimwe upya.

Sasa angalia tundu lililo katika kanuni hiyo. Inamhusu mhudumu wa afya aliye chini ya kampuni yenye kibali cha Medicare. Mwenzake anayeitwa mhudumu wa huduma binafsi, ambaye mara nyingi huogesha na kulisha wateja wa aina ileile, hana kiwango cha mafunzo kilichowekwa na serikali kuu. Kila jimbo linaamua lenyewe. New York inamdai saa 40. Washington ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2011 wapiga kura wenyewe walipitisha pendekezo la kura lililoweka saa 75 kwa wahudumu wengi wa muda mrefu, na kati ya saa hizo 5 ni za maelekezo na usalama, zinazotolewa kabla mtu hajamgusa mteja. Yapo majimbo ambayo hayadai karibu chochote. Kazi hizi za nyumbani ni mamilioni nchini humo, na mtu anaweza kuvuka mpaka wa jimbo akawa, kwa mujibu wa karatasi, amekuwa mjuzi au mjinga bila mikono yake kubadilika. Mwaka 2008 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza saa 75 zipandishwe hadi angalau 120. Serikali kuu haijafanya hivyo mpaka leo, na binafsi naona ni aibu.

Hata hivyo hesabu ya saa ni jambo dogo ukilinganisha na kinachofundishwa ndani yake. Chukua mfano wa maji. Mtu aliyepata kiharusi anaweza kupoteza uwezo wa kumeza sawasawa. Maji ya kawaida hupita haraka kuliko koo linavyowahi kujifunga, yanaingia kwenye njia ya hewa, na yanaweza kuleta nimonia. Kwa hiyo mpango wake wa huduma utaagiza anywe vinywaji vilivyoongezwa uzito tu. Saa nane mchana mzee huyo anamwomba mhudumu maji baridi. Mhudumu aliyelelewa kwetu anajua kwamba mtu hanyimwi maji, sembuse mzee. Kama darasani aliambiwa tu "fuata mpango", atayatoa, na atayatoa kwa upendo. Kama alieleweshwa kinachotokea kooni, akakikoroga mwenyewe kinywaji kile na unga wake mpaka kikafikia uzito unaotakiwa, akakionja na kuelewa kwa nini watu hukikataa, atakuwa na maneno ya kumwambia mzee na pia taarifa ya kumpelekea nesi: mteja anakataa kinywaji chake, anakunywa kidogo, mkojo umekuwa wa rangi nzito. Nesi akipata taarifa hiyo anaweza kumwita mtaalamu wa kumeza aje ampime upya. Sharti lile lile, kwa yule wa kwanza lilikuwa amri aliyoivunja kwa huruma, na kwa wa pili limekuwa ujuzi.

Mifano ya namna hii haina mwisho. Kucha za miguu za mwenye kisukari, ambazo kampuni nyingi humkataza mhudumu kuzikata kwa sababu mchubuko mdogo unaweza kuishia kwenye kidonda kisichopona. Dawa, ambazo katika majimbo mengi anaruhusiwa kumkumbusha mteja azinywe lakini hapaswi kumchagulia ipi na kiasi gani. Mwanafunzi akijua sababu, hatahitaji kukariri.

Ngozi inastahili maneno zaidi. Kanuni ile ya Medicare inataka mhudumu atambue mabadiliko ya ngozi na kuyaripoti, na yeye ndiye mwenye nafasi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ndiye anayemwogesha mteja. Kidonda cha mgandamizo huanza mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi: kwenye kifandugu, kwenye nyonga, kwenye visigino. Vitabu vingi vya mafunzo vinamwambia atafute wekundu. Wekundu huo kwenye ngozi nyeusi hauonekani kirahisi. Inabidi kupapasa, kutafuta joto lisilo la kawaida, ugumu au ulaini uliozidi, au rangi inayoelekea zambarau. Mwalimu asipolisema hili, mteja mweusi atachelewa kutambuliwa, na mwanafunzi atadhani ameshamkagua vizuri. Ni jambo la dakika tano darasani, na mtu anaweza kulazwa hospitali miezi kwa kukosa dakika hizo.

Kanuni inataja pia heshima kwa mteja, faragha yake na mali yake, na hapa mwanafunzi wetu huingia na hazina tayari: amelelewa kuamkia wakubwa. Hazina hiyo inahitaji kupewa mwelekeo, haihitaji kufutwa. Wapo wazee wanaotaka kuitwa kwa jina la kwanza, na wakiitwa "bibi" wanahisi wamezeeshwa. Wapo wengine kinyume kabisa. Mzee Mmarekani Mweusi aliyekulia Kusini enzi za ubaguzi, wakati watu weusi walikuwa wakiitwa majina ya kwanza na watoto wa kizungu huku wakinyimwa "Bwana" na "Bibi", anaweza kulichukulia jina la kwanza kinywani mwa kijana kuwa tusi. Swali la "ungependa nikuiteje?" liwemo katika dakika ya kwanza ya siku ya kwanza, na jibu liandikwe kwenye mpango wa huduma ili mhudumu wa zamu nyingine asilazimike kukosea upya.

Kuhusu lugha ya kufundishia nina msimamo. Kanuni inamtaka mhudumu awe na uwezo wa kusoma, kuandika na kutoa taarifa kwa mdomo kwa wauguzi, na katika sehemu kubwa ya Marekani taarifa hizo ni za Kiingereza. Lakini sababu ya jambo huingia vizuri zaidi kwa lugha ya nyumbani. Kampuni yenye wahudumu Waswahili ieleze mwili, maradhi na hatari kwa Kiswahili, kisha iwazoeze kwa Kiingereza zile sentensi thelathini au arobaini ambazo mhudumu huzihitaji kila wiki kwenye simu na kwenye fomu. Pale Bronx, New York, upo ushirika unaoitwa Cooperative Home Care Associates, ulioanzishwa mwaka 1985 na unaomilikiwa na wahudumu wenyewe, ambao umefundisha kwa Kiingereza na Kihispania miaka mingi, bila kumtoza mwanafunzi ada, na kwa saa zinazopita kiwango cha sheria. Ni ushirika mkubwa kuliko yote ya wafanyakazi nchini humo. Anayesema mafunzo bora hayawezekani katika biashara hii aanze kwa kuusoma huo.

Tugeukie faili. Sipendi linavyodharauliwa. Faili la mhudumu ni ahadi ambayo kampuni imempa mtu asiyeweza kujihakikishia mwenyewe kwamba aliyesimama mlangoni pake ni nani. Ndani yake kutakuwa na uthibitisho wa mafunzo na wa kupimwa stadi, matokeo ya uchunguzi wa makosa ya jinai, kadi ya huduma ya kwanza ya moyo na mapafu ambayo kwa kawaida huisha baada ya miaka 2, taarifa za afya, na ushahidi kwamba jina lake halimo katika orodha ya serikali kuu ya watu waliozuiwa kufanya kazi zinazolipiwa na Medicare na Medicaid. Orodha hiyo ya mwisho husahaulika. Kampuni nyingi huiangalia siku ya kuajiri tu, ilhali hubadilika kila mwezi, na malipo ya kazi iliyofanywa na mtu aliyezuiwa yanaweza kudaiwa yarudishwe.

Faili pia ndipo Mwafrika Mashariki hukutana na matatizo ambayo mwajiri asiyejua atayageuza kuwa dhuluma. La kwanza ni kifua kikuu. Karibu wote tulichanjwa BCG tukiwa wachanga, na wengi wetu kovu tunalo mkononi. Kipimo cha ngozi kinaweza kuonyesha kuwa mtu ana maambukizi kwa sababu tu ya chanjo hiyo, na hapo mhudumu mzima anasimamishwa kazi, anaingiwa na hofu, anapelekwa kupigwa picha ya kifua. Kipo kipimo cha damu ambacho hakidanganywi na BCG, na ndicho kinachopendekezwa kwa waliochanjwa. Msimamizi wa masharti anayeajiri watu wetu akijue tangu siku ya kwanza.

La pili ni kibali cha kazi. Tangu sheria ya uhamiaji ya mwaka 1986, kila mwajiri Marekani hujaza fomu ya I-9 kuthibitisha kwamba mfanyakazi ana ruhusa ya kufanya kazi, ndani ya siku 3 za kazi tangu aanze. Mfanyakazi ndiye anayechagua aonyeshe hati zipi kati ya zilizoruhusiwa. Mwajiri anayemwambia mkimbizi "nataka nione kadi ya kijani", au anayedai hati ya ziada kwa sababu ya lafudhi yake, amevunja sheria ileile aliyodhani anaitii. Nimeona makarani wema wakifanya hivyo kwa woga wa ukaguzi. Kudai zaidi ya kinachotakiwa hakumfanyi mtu kuwa mwaminifu zaidi kwa sheria.

La tatu liko kinyume: ni kinga ambayo mhudumu anastahili na haambiwi. Kanuni ya mwaka 1991 kuhusu vimelea vinavyoenezwa kwa damu inamtaka mwajiri amfundishe kila mfanyakazi anayeweza kuguswa na damu anapoanza kazi na kila mwaka, na ampe nafasi ya kuchanjwa homa ya ini aina ya B bila malipo ndani ya siku 10 za kazi. Msimamizi anayelijaza faili huku akimnyima mhudumu chanjo yake amesahau kwamba masharti yanamlinda pia anayefanya kazi.

Na karatasi hudanganya. New York ilijifunza hili kwa uchungu: uchunguzi wa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo uligundua shule zilizokuwa zikiuza vyeti vya uhudumu kwa watu ambao hawakuketi darasani. Mwaka 2009 jimbo hilo lilianza kutumia daftari la pamoja la wahudumu wa majumbani, ambalo mwajiri hulitumia kuthibitisha nani alifundishwa wapi. Ni hatua nzuri. Lakini hata cheti cha halali kinathibitisha tu kwamba siku fulani, mahali fulani, mtu aliweza. Mikono husahau, migongo huchoka, na njia za mkato hujifundisha zenyewe.

Kwa sababu hiyo moyo wa taaluma hii, kwa maoni yangu, uko katika ziara ya nesi msimamizi. Kwa mgonjwa anayepata huduma za kitabibu chini ya Medicare, nesi au mtaalamu mwingine anatakiwa kusimamia kazi ya mhudumu angalau mara moja kila siku 14. Kinachowashangaza wanafunzi wangu ni kwamba katika ziara hiyo mhudumu si lazima awepo. Kuna busara hapo, kwani mteja aliye peke yake na nesi husema ambayo hangesema mbele ya mtu atakayemwogesha kesho. Lakini macho yanafika wakati mikono haiko kazini. Kumwona mhudumu akifanya kazi kunatakiwa angalau mara moja kwa mwaka, na pia pale ambapo wasiwasi umejitokeza. Mara moja kwa mwaka ni haba. Kampuni inayojiheshimu itaongeza yenyewe, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, ambapo wahudumu wapya wengi huacha kazi wakiwa wametupwa peke yao kwa mteja mgumu bila mtu wa kumuuliza.

Kanuni hiyo ya Medicare inasema jambo jingine zuri ambalo husomwa haraka mno. Mhudumu aliyeshindwa stadi moja asiifanye bila uangalizi wa nesi mpaka afundishwe tena na kupimwa tena. Hafukuzwi, anarudishwa kwenye mafunzo. Tazama jinsi duara linavyokamilika: ziara imeonyesha kwamba anamvuta mteja kwa makwapa badala ya kutumia mkanda wa kiunoni, taarifa imeingia kwenye faili, faili limezaa somo, na somo limepimwa nyumbani kwa mteja yuleyule. Pale ambapo duara hilo linazunguka, yale mafunzo ya saa 12 za mwaka hayatakuwa video anayoiacha ijicheze kwenye simu huku akipika. Yatakuwa yametokana na makosa halisi ya nyumba halisi. Mpe mwalimu wako taarifa za mwaka mzima za kuanguka, za vidonda na za malalamiko, na mwambie mtaala wake ndio huo.

Miaka ya karibuni mashine imeingia kati. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2016 iliyataka majimbo yathibitishe kwa njia ya kielektroniki ziara zinazolipiwa na Medicaid: huduma binafsi kuanzia mwaka 2020, huduma za afya za nyumbani kuanzia mwaka 2023. Simu ya mhudumu hurekodi aina ya huduma, mpokeaji, mtoaji, tarehe, mahali, na muda wa kuanza na kumaliza. Lengo lilikuwa kuzuia malipo ya ziara hewa, na ziara hewa zilikuwapo. Watetezi wa watu wenye ulemavu walipinga, na hoja yao ina uzito: kifaa kinachofuatilia alipo mhudumu kinamfuatilia pia mteja, ambaye huenda ameandamana naye kanisani au sokoni. Mimi naongeza jingine. Mfumo unajua kwamba mhudumu aliingia saa mbili kamili akatoka saa nne. Haujui kama aliangalia visigino. Msimamizi akianza kuwasifu wahudumu kwa rekodi zao za kubonyeza simu, watajifunza kubonyeza.

Sasa fedha, kwa sababu hakuna sura ya taaluma hii isiyoishia hapo. Mwaka 1974 sheria ya kima cha chini cha mshahara ilipanuliwa kuwafikia wafanyakazi wa majumbani, lakini waliotoa huduma za "kumpa mzee kampani" waliachwa nje, na neno hilo lilitafsiriwa kwa upana hadi likawameza wahudumu karibu wote. Evelyn Coke, mzaliwa wa Jamaika aliyewahudumia wazee wa New York kwa zaidi ya miaka 20, alidai malipo ya saa za ziada. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kauli moja, ikasema jambo hilo liko mikononi mwa wizara ya kazi. Alifariki mwaka 2009. Wizara ilibadilisha kanuni mwaka 2013 na kuwaingiza wahudumu wa kampuni chini ya ulinzi wa sheria, na kanuni hiyo imeendelea kupingwa na kujadiliwa tangu wakati huo.

Kwa msimamizi wa mafunzo, hili lina matokeo ya moja kwa moja. Kama somo ni la lazima au linahusu kazi anayoifanya mtu, saa zake ni saa za kazi na zinalipwa. Kampuni inayomwambia mhudumu amalizie masomo yake usiku, nyumbani, bila malipo, inavunja sheria kwa jina la kutimiza sheria. Tena inamfundisha kwamba kujifunza ni adhabu. Ada ya serikali kwa saa moja ya huduma mara nyingi haina fungu la mafunzo ndani yake, najua, na wenye kampuni ndogo wanabanwa kwelikweli. Vita hiyo ipelekwe kwa wanaopanga ada, isimalizwe kwa kukata saa za mhudumu.

Uingereza ilichukua njia nyingine, nami naipitia kwa ufupi. Baada ya kashfa ya huduma mbovu kwa wagonjwa katika hospitali ya Stafford, Camilla Cavendish aliandika ripoti mwaka 2013 kuhusu wahudumu wasio wauguzi, na Aprili 2015 kikaanza Cheti cha Huduma chenye viwango 15, ambacho tume ya ubora wa huduma hutarajia kukiona kwa wahudumu wapya. Ni mtaala mzuri, lakini waajiri walikuwa hawaaminiani: mtu aliyehama kampuni alirudishwa mwanzo, akasoma yaleyale mara tatu. Kwa wahudumu wetu waliokwenda huko kwa viza ya huduma, iliyofunguliwa kwao Februari 2022 na kufungwa kwa waajiriwa wapya kutoka nje Julai 2025, kulikuwa na tatizo zito zaidi. Kibali chao cha kuishi kilishikwa na mwajiri. Mtu ambaye akiachishwa kazi ana siku 60 za kutafuta mfadhili mwingine hataripoti kwamba alitumwa kwa mteja kabla ya kufundishwa mashine ya kunyanyulia. Kanuni zote za usalama hutegemea mtu aliye radhi kusema, na mfumo wa viza ulimziba mdomo.

Yapo mengi ambayo bado hayajatulia, na msomaji mpya ana nafasi ya kuchangia. Binti anayelipwa na Medicaid kumtunza mama yake, je, adaiwe saa sawa na mgeni? Washington inawapunguzia ndugu wa karibu. Wapo wanaoona mgongo wa mama huumia sawa, awe amenyanyuliwa na nani. Je, nesi anaweza kusimamia kwa kamera? Kanuni inaruhusu kwa nadra sana, na shinikizo la kuruhusu zaidi linaongezeka kwa sababu manesi ni wachache na barabara ni ndefu.

Ukitaka kuanza, soma kwanza kifungu cha 484.80 katika kitabu cha 42 cha kanuni za serikali kuu. Si kirefu, na kinasomeka. Fuatisha na kanuni za jimbo lako, ambazo zitatofautiana nacho mahali usipotarajia. Kisha omba ruhusa ya kampuni, na ya mteja hasa, umfuate nesi msimamizi siku mhudumu yuko kazini. Simama pembeni, usiseme. Mteja anapokaribia kuhamishwa, tazama kama mhudumu amefunga breki za kiti kabla ya kumgusa, na kama amemweleza mteja anachotaka kufanya na kungoja jibu. Ukiona amefanya yote mawili, rudi ofisini ulichukue faili lake, utafute ni nani alimfundisha, lini, na nani alimpima. Na kama faili halisemi, hapo ndipo kazi yako inapoanzia.